Firigisi ya Mwenye Nyumba

Jumamosi, 14 Desemba 1963

Alhamisi bendera ilipanda, jana nasi tukapanda kilima. Nyumba ya Mzungu! Vyumba vitano, veranda, jiko la chuma lenye bomba la moshi. Mwenyewe ameondoka na kutuachia picha ya farasi ukutani na harufu ya mbwa kwenye zulia. Hezekiah amepandishwa cheo, na sasa anatembea mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule. Watoto wetu wawili wanakimbizana toka asubuhi wakifungua milango.

Anataka kualika watu siku ya Krismasi: mkubwa wake mpya, Bwana Sylvanus, na mkewe, na makarani watatu. Ameniuliza kama nitaweza kupika vya kisasa. Nimempikia miaka kumi na moja na sijawahi kuona sahani yake ikirudi na kitu.

Daftari hili ni langu. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama mkwe hasomi, na Hezekiah siku hizi husoma Kiingereza tu.

Jumanne, 17 Desemba

Hakuna obusuma Krismasi. Ati wageni wa ofisi hawali ugali, ugali ni wa shambani. Anataka wali, viazi vya kuoka, na keki yenye sukari juu. Kuku angalau amekubali apikwe kwa mchuzi, maana nimemwambia jogoo wa kwetu akiokwa atawavunja meno.

Jana alinifunza kushika uma. Mkono wa kushoto, Ayuma, wa kushoto! Nikamjibu kwamba huu wa kulia ndio uliomlisha uji alipougua malaria. Zamani angecheka.

Ijumaa, 20 Desemba

Leo amerudi na msichana. Jelagat, taipisti wa ofisini kwao. Viatu vyeupe, sauti ndogo. Alisoma upishi wa Kizungu kwa masista, kwa hiyo atakuja kunisaidia kupanga meza. Nisaidiwe! Sikuomba.

Hezekiah kanivuta kando, akanisihi nimwelekeze kwa upole, kwa sababu ni Mnandi na hajui mambo yetu ya jikoni. Nikasema sawa. Nimempa chai. Alikaa kwenye ncha ya kiti na kuniita Mama. Ananipita urefu, na sidhani nimempita miaka kumi.

Jumatatu, 23 Desemba

Mama mkwe, Navalayo, amefika kutoka Khayega na majogoo wawili, mmoja wa Krismasi na mmoja wa mwaka mpya. Ni yule yule: hakutazama vyumba, alitazama kuni. Kisha akaketi kwenye ngazi za jikoni, maana viti vya Mzungu vinamzamisha.

Yeye ndiye aliyenifunza juu ya firigisi, wiki ya kwanza ya ndoa yangu. Aliniambia kuku mzima anaweza kwenda kwa wageni, miguu kwa watoto, mabawa kwa yeyote, lakini imondo, yaani firigisi, ni ya mwenye nyumba, na anayempa ni mke wake, kwa mkono wake. Ukiona imekwenda kwingine, au imetoka mkono mwingine, ujue nyumba hiyo ina maneno. Yeye mwenyewe hajaonja kuku maisha yake yote. Wanawake wa rika lake hawali. Wanapika tu.

Na Hezekiah ana lake juu ya hilo. Hataki firigisi ya kuchemshwa. Lazima kwanza ichomwe kwenye makaa na chumvi kavu, nzima, bila kukatwa, halafu ndipo itupwe mchuzini dakika za mwisho. Hiyo si desturi ya mtu yeyote. Ni ulafi wake, na ni mimi ninayeujua. Nilidhani.

Jumatano, 25 Desemba

Niandike kwa utaratibu, la sivyo nitapasua kitu.

Kanisani tulikwenda. Tulirudi. Jelagat alikuwa amefika, amevaa aproni yake. Meza ilipendeza, sikatai — kitambaa cheupe, maua ndani ya bilauri. Nikamwachia jogoo ili niangalie wali. Nilijiambia ikifika kwenye firigisi nitamwita nimwonyeshe, kwa upole, kama nilivyoagizwa.

Nilipogeuka alikuwa ameshaipasua, ameshabandua ngozi ya njano ya ndani, ameisugua kwa chumvi. Hakuuliza. Akafungua kijilango cha jiko, akavuta makaa mbele, akailaza juu yake. Nzima. Akaigeuza kwa vidole, huku anaimba polepole, kama mtu aliye kwake.

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Tuliona wote wawili. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na bado haikutosha. Wageni walipokwisha kuketi, alitoka na bakuli, akaenda moja kwa moja kwa Hezekiah na kumwekea firigisi kwenye sahani. Hezekiah akaila huku anaongea na Bwana Sylvanus juu ya barabara ya Kabras. Hakushtuka hata kidogo. Mtu huzoea mkono unaomlisha.

Mke wa Bwana Sylvanus aliisifu keki. Nikamwambia ameioka Jelagat. Akamwuliza Jelagat yeye ni ndugu gani wa mwenye nyumba. Nikaenda kuleta maji.

Alhamisi, 26 Desemba

Masufuria. Nimesugua tangu asubuhi.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimemwuliza Hezekiah. Alikuwa anapiga viatu rangi kwenye veranda. Sikuuliza habari za wanawake. Niliuliza tu Jelagat alijifunza wapi kuchoma firigisi. Brashi ikasimama. Kisha ikaendelea.

"Firigisi ni kipande cha nyama, Ayuma," akasema. "Uhuru umekuja, na wewe bado unahesabu vipande vya kuku."

Halafu akamaliza yote kwa pumzi moja, kama aliyekuwa amekariri. Ati mama yake amezeeka, shamba la Khayega linataka mtu. Ati mimi ndiye ninayefaa, nina mkono wa shamba. Watoto watabaki hapa, shule ya mjini ni nzuri. Jelagat atawaangalia. Siku ya mwaka mpya, baada ya chakula, atalitangaza mbele ya mama yake na kaka yake Mukhwana, ili lionekane jambo la ukoo.

Nimelia, naandika wazi, nimelia nyuma ya tangi la maji kama mtoto. Namchukia. Asubuhi bado nilimpigia shati pasi. Mkono una mazoea ya kijinga.

Jumanne, 31 Desemba

Mama mkwe amenisaidia kupeta mchele. Nikamweleza alichosema mwanawe. Akaendelea kupeta huku akinieleza kwamba marehemu mzee wake alikuwa na nyumba ya pili Shianda, na yeye kama mke alijulishwa kwa namna hiyo hiyo: siku moja firigisi ilirudi haijaguswa, mzee ameshashiba nyingine. Sikuwahi kulisikia hilo. Hakusema nifanye nini.

Jumatano, 1 Januari 1964

Naandika stoo, daftari juu ya gunia la unga. Mchana. Wako mezani: Hezekiah, Mukhwana na mkewe, watoto wangu. Na Jelagat. Leo hakuja na aproni. Ameketi upande wa kulia wa Hezekiah, mgeni mheshimiwa, naye anapikiwa. Na mimi!

Jogoo wa pili nimempika mwenyewe. Nimepika na obusuma pia. Acha wanune.

Firigisi nimeichoma kwenye makaa kwa chumvi kavu. Nimeiweka kwenye kisahani. Nilikuwa naipeleka, kweli nilikuwa naipeleka, mkono umeshashika kitasa, nikamsikia Hezekiah anamwambia Mukhwana, subiri tule kwanza, halafu nina neno.

Nikarudi hapa. Nikaiuma.

Ni ngumu kidogo. Ina moshi. Ni tamu, Mungu anisamehe, ni tamu sana! Miaka kumi na moja.

Amepaza sauti kuuliza ile yake iko wapi. Kumbe si kipande cha nyama.

Mama mkwe ameingia, ameniona nikitafuna. Nilifikiri atapiga yowe. Amefunga mlango nyuma yake, ameketi kwenye gunia la pili, ananitazama nikiandika. Hezekiah anaita tena, sasa anamwita yeye, "Mama!" Yeye ananigeukia.

"Mimi nimepikanga imondo miaka arobaini na tano," ananiambia. "Iko na ladha gani?"

Nusu bado imo kwenye kisahani. Nasikia kiti cha Hezekiah kikisukumwa nyuma. Nimekisogeza kisahani kwa Mama mkwe, aonje.