Alama ya shavuni kwa Neema

Dada Yustina mpenzi,

Hamjambo Muleba? Huku Gisenyi ziwa limetulia, na sambaza za kukaanga, visamaki vya humu ziwani, ni tamu kweli. Daktari amempa mwanangu Neema dawa ya maji ya kufifisha ile alama nyekundu ya shavuni, ila lazima anyonye kwanza.

Jana ufukweni mama muuza sambaza aliitazama alama, akauliza, "Mutoto ni wako?"

Nikajibu, "Wa jirani."

Mara Neema akalia, maziwa yakanitoka, blauzi ikalowa mbele ya mama yule. Hakucheka. Alinisogezea kiti chake. "Ikala, mama, umunyonyeshe."

Nilimnyonyesha nimeinamisha kichwa. Dada, aibu ile bado inanichoma. Neema akikua, tafadhali usimwambie.

Wabusu watoto wote.

Mdogo wako akupendaye,
Esta