Notisi ya Mwisho wa Juni

Kihanga, 11 Mei 1987

Mwanangu Telesfori,

Salamu zikukute mzima huko Nkwenda. Mimi nipo, ila Baba yako ana kichomi, wiki ya pili sasa, na kukohoa haachi.

Desderius ametupa notisi. Kwanza alisema kwa mdomo akipita njiani, nikadhani ni hasira tu kwa sababu ya mbuzi wetu. Sasa ameleta karatasi kwa balozi wa nyumba kumi: tutoke kwenye nyumba na shamba lake mwisho wa Juni. Miaka yote hii tunalima kwake na kumgawia mavuno, hajawahi kulalamika. Balozi alininong'oneza sababu: anaogopa Baba yako atafia hapa. Unajua mwenyewe, mpangaji akishazikwa shambani, watu wake hawaondolewi tena.

Jana Desderius alikuja kujitolea awakusanye wanaume wambebe mgonjwa hospitali. Nifanyeje?

Mama yako,
Anonciata

Nkwenda, 15 Mei 1987

Mama mpendwa,

Shikamoo. Baba naye mpe shikamoo yangu. Mimi sijambo, lakini ghala la kahawa lina kazi nyingi na nimenyimwa ruhusa.

Tangu barua yako ifike silali vizuri. Desderius hawezi kupata huruma ghafla hivi. Baba akitoka mlangoni, hamtarudi. Msikubali abebwe. Nimetuma dawa kwa dereva wa lori la ndizi. Mwite mganga wa zahanati amtibu hapo hapo nyumbani. Na likitokea la kutokea, Mama, azikwe hapo karibu na mlango, balozi akiwa shahidi.

Naandika haya kwa shida. Lakini ninyi mtakwenda wapi?

Mwanao,
Telesfori

Hospitali, 23 Mei 1987

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Dawa zilifika. Barua yako niliisoma kimoyomoyo, Baba yako akataka aisikie. Nilipofika kwenye habari za mlangoni nikajaribu kuruka, akanishtukia, ikabidi nisome yote. Alicheka hadi kikohozi kikamkaba. Kisha akasema, "Mwambie Telesfori mimi si mche wa kahawa, nipandwe ili watu wapate shamba."

Akaniagiza niwaite wanaume. Walikuja na engozi, ile machela ya wagonjwa, wakamlaza ndani, wakaiinua mabegani. Kwa kuwa asiyembeba mgonjwa hutozwa faini ya pombe, Desderius naye alitia bega, tena mbele. Projest, jirani yetu, akamtania kwamba hajawahi kuona mwenye nyumba anayemhamisha mpangaji kwa bega lake mwenyewe. Kwenye mteremko Desderius akawa kama anakimbia. Baba yako akatoa kichwa kwenye blanketi.

"Polepole, Desderius. Notisi yako inaisha Juni."

Hata yeye alicheka. Daktari anasema tungechelewa siku chache tu, mapafu yangemshinda. Usininunie.

Mama yako,
Anonciata

Kihanga, 17 Juni 1987

Mwanangu Telesfori,

Hujambo? Hukunijibu, nami najua sababu.

Tumerudi jana. Ulisema kweli: mlango tumeukuta umeng'olewa, umeegemezwa ukutani, na ndama wa Desderius amefungwa jikoni. Maharage yangu Desderius amekwisha kuyavuna. Nilimwendea, nikamuuliza kwa nini hakungoja hata notisi yake mwenyewe iishe. Alimtazama Baba yako aliyesimama nyuma yangu, akainamisha macho.

"Mama Telesfori," akasema, "nilidhani utarudi peke yako."

Balozi anatuhimiza twende Barazani kumshtaki. Baba yako amesema pumzi aliyorudishiwa hataimalizia kwa Desderius. Mimi ningekwenda, sikufichi. Usiku nageuka tu kitandani nikiyahesabu yale maharage.

Jumamosi tunakuja na lori la ndizi. Mlango tunaubeba, mbao ni zetu. Najua chumba chako ni kidogo. Tutajibana mpaka tupate pengine. Baba yako anatembea mwenyewe kwa fimbo, polepole, na hataki kushikwa mkono.

Ana jambo la kukuambia kuhusu ile barua yako. Mwache ale kwanza.

Mama yako,
Anonciata