Sauti Ilitoka, Picha Ikakataa

Lubumbashi, Jumatatu asubuhi

Papa yangu mpendwa,

Minye Furaha nakuamkia kwa heshima, na Mama pia namuamkia. Minye niko muzima. Kile kifua cha baridi kilishapona. Na ninyi huko Mulongwe? Mto umetulia, ao bado unaingia mu viwanja vya watu? Magoti ya Mama yanamuruhusu kufika kanisani? Na jicho lako, haliwashi? Tafadhali usikae karibu na moshi wa samaki ndagala, na usiliguse na mukono wenye vumbi la mbao. Nimeandika kwa herufi kubwa kidogo. Si kwamba sikuamini. Daktari alisema usilichokeshe.

Habari ya jicho ni yako, weye unaijua kunipita. Lakini vile ilinifikia huku haujue, na mudogo wangu Amani naye hajue. Acha nikueleze polepole.

Unakumbuka nani alikusukuma upasuliwe. Ni minye. Miaka miwili ulikataa. Jicho la kuume lilikuwa limefungwa kabisa na ule utando mweupe, la kushoto likaanza kufuata, na kila mara ulijibu kwamba hicho kidogo unachokiona kinakutosha, hautaki mutu akiguse na kisu. Nikaandika barua tatu. Ile ya mwisho ilikuwa kali. Nilisema maneno ambayo mutoto hapaswi kumwambia muzazi. Amani alikutafsiria kwa mikono, karibu kabisa na uso wako, na wiki ile ile ukakubali waanze na la kushoto. Tangu hapo sikula vizuri. Nilikuwa nafikiri: hili la kushoto likiharibika, ni minye nitakuwa nimemufunga Papa kinywa na masikio kwa mara moja.

Telefone yangu ya kuona picha ilinyakuliwa sokoni, nimebaki na hii ndogo ya kubonyeza. Siku nne baada ya operesheni nikamupigia Amani.

"Bandeji ilishafunguliwa?"

"Ilifunguliwa, dada."

"Na anaona?"

"Papa ametukataza kusema, minye na Mama. Anataka akuambie mwenyewe. Tumemupiga video, nimeiweka mu clé ya USB, Mama Nyota anayekuja huko kuuza ndagala anakuletea."

"Amani, sema tu ndiyo ao hapana!"

"Dada, Papa ni Papa. Na minye naenda Lubarika kumusaidia shangazi kuvuna, kule hakuna réseau ya telefone. Usikasirike."

Nilikasirika, Papa. Kisha hasira ikawa woga. Nilijiambia, habari njema haifichwe; inayofichwa ni ile nyingine.

Mama Nyota alisafiri na magunia yake ya ndagala, kwanza bateau ya ziwani mpaka Kalemie, kisha kamiyo ya mizigo, na barabara unaijua. Alifika Jumapili, jana. Nilimukuta asubuhi kando ya barabara, minye tayari niko na mukiriya mu taxi, mama mmoja muzee wa kwenda kanisani, kitambaa cheupe kichwani. Nikamuuliza Mama Nyota kupitia dirishani, "Papa anaona?" Akasema, "Mwanangu, nilipewa clé mulangoni, sikuingia ndani." Hata yeye.

Gari ninaloendesha ni la tajiri wangu. Lilitoka Japani, na maandishi yote ya écran yake, kile kioo cha picha, ni ya Kijapani, sijue hata neno moja. Ninalojua ni kwamba ukichomeka clé, nyimbo zinaimba. Nikachomeka, nikaondoka. Écran ikabaki nyeusi, na kamustari kadogo kekundu ka maandishi chini. Lakini sauti ikatoka.

Nilisikia mikono ikipigana, paa, paa, paa. Na Mama, Papa! Mama alikuwa analia. "Ee Mungu wangu, ee Mungu wangu," kisha kiti kikaanguka, kilio tena, na Amani akisema, "Mama, nyamaza kidogo, narekodi." Sauti yako ile ya pumzi, ambayo weye mwenyewe haujue kama unaitoa, nayo niliisikia.

Yule mama wa nyuma akasogea mbele. "Pole, binti yangu. Ni kilio cha nyumbani?"

"Sijue, mama. Papa alipasuliwa jicho. Huyu anayelia ni mama yangu."

"Na baba anasema nini?"

"Hasikii wala hasemi tangu utoto, mama. Anasema kwa mikono. Maneno yake yote yako mu picha, na picha imekataa."

Akasema, "Simama kwanza. Utaniua na utajiua."

Nikasimama kando, nikazima, nikawasha, nikarudisha video mwanzo. Mikono, Mama, kiti. Écran nyeusi vilevile. Nikampeleka yule mama mpaka kanisani kwake, na kabla ya kushuka akaweka mukono wake kichwani pangu. Nikapiga telefone ya Mama, ikaita tu; saa ile naye alikuwa kwenye misa. Amani hakupatikana. Nikakaa mu gari nikisikiliza kilio kile mara tano. Nilikuwa natafuta ndani yake kama ni cha furaha ao cha msiba, na kila mara nilisikia msiba.

Ndipo nikamukumbuka fundi Kalala, anayefunga redio za magari. Nilimukuta kwake anakula bukari. Maskini, aliacha sahani. Nilimuuliza kama yuko na ordinateur, tuione video huko. Akasema iko dukani, na ufunguo wa duka uko na mushirika wake, huyo alisafiri. Akaingia mu gari, akaangalia kale kamustari kekundu.

"Unajua Kijapani?" nikamuuliza.

"Sijue. Lakini haya maandishi nayajua kwa sura. Magari haya yote yanasema hivyo: gari haliwezi kukuonyesha picha mpaka lijue kwamba umesimama."

"Lakini nimesimama!"

"Weye unajua. Gari ndiyo haijue. Inauliza frein à main. Ulivuta?"

Papa, ile frein ya kuvuta kwa mukono ilikufa zamani. Minye huwa natia jiwe chini ya gurudumu, basi. Kalala akaivuta, ikaja laini kama kamba ya nguo. Akainama chini ya usukani na tochi, akatoka na waya mukononi.

"Ulikatika huku, na kebo yenyewe imelegea. Kuna watu wananiomba niunganishe waya huu moja kwa moja, gari lidanganywe, waangalie filamu wakiendesha. Minye sifanye."

"Fanya leo tu, fundi. Nakuomba."

"Dada, kaka yangu aligongwa na mutu aliyekuwa anaangalia filamu. Nitakutengenezea frein yenyewe. Nipe saa moja."

Saa moja! Nilikaa juu ya tairi la zamani pale uwanjani, nikihesabu vidole vyangu. Muke wake aliniletea chai, ikapoa. Nikakumbuka ile barua kali, neno kwa neno.

Alipomaliza akasema, "Njoo uvute mwenyewe." Nikavuta, ikakamata juu, krr. Kamustari kekundu kakapotea, na écran ikajaa mwanga, na katikati ya mwanga, weye.

Umekaa kwenye kiti karibu na dirisha, jicho la kushoto jekundu kama nyanya, unapepesa. Unamuangalia Mama kwa muda murefu. Halafu mikono yako inasema: *Umezeeka hivi lini? Hakuna aliyeniambia.* Na Mama anakupiga mikono, paa, paa, paa, anacheka na machozi yanamwagika, "Ee Mungu wangu!" Kumbe ndicho kilio changu chote cha asubuhi. Kisha unainuka kwa nguvu, kiti kinaanguka, unaenda kwenye ile meza uliyotengeneza mwaka jana ukiwa katika ukungu, unapitisha kidole kwenye ukingo, unageuka na hasira ya kweli: *Fundi gani mubaya alitengeneza hii? Na mulikuwa mnakulia hapa bila kusema?*

Nilicheka mpaka nikaegemea honi. Watoto wa Kalala wakakimbia kuja kuona. Na minye nikaanza kukujibu kwa mikono, mbele ya écran, kana kwamba unaniona. Kalala akaniacha, akasimama mbali, na nilipotulia akauliza, "Asante wanasemaje?" Nikamuonyesha. Akaifanya vibaya, kama mutu anayefukuza nzi, lakini aliifanya akikuangalia weye.

Mwisho ulisogea karibu na Amani na ukaniambia kwamba ile barua yangu ya tatu umeisoma mwenyewe sasa, yote, na kwamba nimeandika "operesheni" vibaya mara mbili. Hukusema kitu kingine juu yake. Papa, asante. Ule ukali niliomba msamaha wake kwa Mungu. Leo nauomba kwako.

Jana mchana sikufanya kazi tena. Nilirudi nyumbani, nikala sahani mbili, nikalala kama mutoto.

Sasa nimsalimie nani? Mama, mwambie hajazeeka, ni dirisha lile lina mwanga mwingi. Amani mdogo wangu, nimemusamehe, lakini siku nyingine asikukate mikono nje ya picha; mara mbili nimepoteza maneno yako. Shangazi wa Lubarika, namupongeza kwa mavuno. Baba mudogo wa Kimanga aliyekupeleka hospitali, Mungu amukumbuke. Na yule jirani anayekuja kukusomea Biblia kwa vidole, mwambie sasa mtasoma kwa zamu.

Limebaki la kuume. Najua mwishoni mwa video Amani alikuuliza, na weye ukajibu *tutaona*, ukageuza uso. Sitaandika barua ya nne. Minye nitakuja mwenyewe, tajiri amenipa ruhusa mwezi ujao, nitakaa kando ya kitanda chako siku watakapofungua bandeji ya pili, na neno lako la kwanza nitalipata kwa macho yangu.

Ni minye binti yako,

Furaha