Si Wewe Uliyezima Sauti

Kaka Eliya,

Kompyuta yako imepona. Nakuandikia kwa sababu hapa Kibondo sina mwingine wa kumweleza habari hizi akazielewa, na pia kwa sababu wiki hii umesingiziwa.

Mama unamjua. Tulipotoka kukuzika aliifunga laptop yako ndani ya kitenge, akaiweka juu ya kabati, akasema isiguswe mpaka tuganduke, yaani mpaka siku ya kumaliza msiba. Nikamwambia kompyuta si jembe, hata ipumzishwe kwa sababu ya msiba. Hakunisikiliza. Ikakaa huko karibu mwaka mzima, na kwaya ikaimba kwa makofi tu, maana biti zote za kinanda ulizotengeneza zimo humo. Konsolata bila kinanda anapanda juu kama anaita ng'ombe.

Siku ya kuganduka ilipokaribia, Mama akaruhusu ifunguliwe ili kwaya ifanye mazoezi. Nikachomeka modemu, nikatoka kuanua nguo. Mashine iliyofungiwa muda wote huo ikaona mtandao, ikavuta apdeti zote kwa pupa, ikajizima na kujiwasha yenyewe. Niliporudi nikafungua nyimbo zako, zikatembea vizuri kwenye kioo, lakini kimya. Hata ule mlio wa kuwaka haukuwepo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Yaranse," akasema. Amekataa. Yaani wewe hutaki tutoke kwenye msiba wako, na kama hutaki, basi shughuli iahirishwe. Wanakwaya nao wakaguna. Kaka, nilikasirika! Wewe uliyekuwa ukitupigia kelele mazoezini, "Imbeni, acheni sura za matanga," leo ndiye wa kutufunga midomo?

Nikaipeleka Kasulu. Fundi mmoja karibu na stendi akaniambia, "Dada, spika zimeungua hizi." Nikachomeka hedifoni, nazo kimya, nikajua spika hazina kosa. Nikarudi nayo nyumbani. Njiani nikakumbuka ulichoniambia siku printa ilipogoma: "Usishike bisibisi kabla hujaangalia draiva." Nikafungua ile orodha ya vifaa vilivyomo kwenye kompyuta. Penye sauti kulikuwa na alama ya njano. Apdeti zilikuwa zimeleta draiva mpya, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa chake, na hiyo mpya haikupatana na mashine yako ya zamani. Nikaiondoa, nikachagua ya zamani, ambayo bado ilikuwa imo ndani, nikazima, nikawasha.

Ikalia! Kinanda chako kikajaa sebule nzima. Nikamwita Mama kutoka jikoni, nikamweleza kwa furaha, nikionyesha na kidole: si Eliya, Mama, ilikuwa draiva tu.

Nilidhani atacheka. Alikaa chini sakafuni, akauliza polepole, "Kwa hiyo hakuwa yeye?"

Nikasema hapana.

Akalia, Kaka. Hakulia vile hata makaburini. Ndipo nikaelewa, na mimi najiona mjanja wa kompyuta. Wiki nzima Mama alikuwa na mtoto anayekataa jambo, na mtoto anayekataa bado yupo. Mimi nikamwondolea huyo pia, tena nikimwonyesha na kidole. Nilizima muziki nikakaa naye sakafuni. Nimekukosa sana. Sijawahi kukuambia maneno kama haya, na wewe mwenyewe usingeyavumilia.

Jumapili tunaganduka. Mama amekubali, ameshaloweka mtama wa pombe, na kwaya itaimba na kinanda chako. Apdeti za kujiendesha zenyewe nimezizuia.

Pumzika sasa, Kaka, nenda salama. Ninakuahidi jambo moja: siku mlango ukijifunga wenyewe, Mama akaniambia ni wewe, sitauliza upepo umetoka wapi.

Mdogo wako,
Editha