Tundu Kwenye Kofia ya Dada

4 Februari

Dada Rubani,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, ila goti la Baba linasumbua tangu mvua zianze. Kiti chetu cha jikoni bado kipo, na kadibodi niliyokuchorea geji sita za ndege iko ukutani. Nakumbuka ulivyojifunika taulo usione dirisha, nami nimeshika saa nikikuamrisha: "Kata kushoto, nyuzi mia mbili sabini, dakika mbili!" Ukikosea, unapata mwiko begani.

Mwalimu wa sayansi amenipa nafasi nieleze darasani jinsi marubani wanavyojifunza kuruka bila kuona nje. Niazime ile kofia ya mazoezi inayomziba rubani asione nje, tafadhali. Baba amekwisha shona suruali ya kuwa abiria wako wa kwanza ukipata cheti cha kuruka mawinguni.

Mnara wako wa kuongozea ndege

19 Februari

Mnara wangu,

Mpe Baba pole ya goti. Mimi mzima, kichwa tu kinauma kwa kukariri. Nimepewa kofia mpya, kwa hiyo ile ya zamani Mjomba atakuletea. Usiirudishe, ni yako.

Waambie wenzako hivi: mwili ni mwongo. Ndani ya kofia utaapa ndege imelalia kulia, kumbe imenyooka. Ziamini geji, basi.

Dada yako

6 Machi

Dada,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Nilieleza vizuri, hata mwalimu akapiga makofi. Kisha Kasuku, mwenzangu wa dawati la nyuma, akaivaa kofia. "Mwalimu, mbona mimi naona mti nje?" Darasa likaangua kicheko. "Kumbe rubani mchungulizi!"

Nikasema ni mwongo. Nikaivaa mwenyewe. Upande wa kushoto kuna tundu, limetobolewa kwa kitu cha moto, kingo zake laini. Mti niliuona, Dada.

Niambie ni panya.

Mnara wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe. Si panya. Safari ya tatu nilihisi ndege inapinduka, nikatapika mapajani. Mwalimu wangu akasema nikishindwa tena narudishwa nyumbani. Usiku huo nikapasha msumari. Hata kofia mpya nimeitoboa. Nikiona mstari wa upeo wa mbali tu, moyo unatulia.

Usimwambie Baba, nakusihi. Nitamweleza mwalimu mwenyewe kabla ya mtihani na nitaanza mazoezi upya. Naapa kwa kiti chetu.

Dada yako

18 Machi

Dada yangu,

Pole kwa kutapika. Ungeniandikia siku ile ile, ningekutumia kadibodi.

Sijamwambia Baba. Niandikie ukishamweleza mwalimu, hata mstari mmoja. Wingu halina tundu, Dada.

Mnara wako

9 Aprili

Mnara wangu!

Hamjambo nyote? Nimefaulu! Anga lilikuwa safi, hata wingu la dawa hakuna. Mtahini amenisifu kwamba nimetulia kama maji mtungini. Mwambie Baba aje Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, hata mvua ikinyesha. Sasa nina cheti, mvua si kitu. Avae suruali yake!

Dada yako, Rubani kamili

13 Aprili

Dada,

Goti la Baba limepata nafuu. Mimi sijambo.

Nilingoja mstari mmoja, ukaniletea mistari tele, na mstari wenyewe haumo.

Nimemwambia Baba. Aliivaa kofia, akakaa kwenye kiti chetu, nikamwamuru akate kushoto. Kisha akasema, "Jirani anaanua nguo. Shuka mbili na blauzi ya bluu." Akaivua, akaenda kuikunja suruali, akairudisha kabatini. Haji. Alitaka kumpigia simu mwalimu wako kesho. Nimemwomba angoje hadi Ijumaa, ili umwambie wewe kwanza. Amekubali, kwa shida.

Kasuku nimemwomba radhi mbele ya darasa. Wewe ndiye uliyenifanya nimwite mwongo.

Tundu nimeliziba kwa kitambaa cheusi, nimeshona mara mbili. Ukirudi, kiti kipo na saa nitashika. Lakini jina la Mnara nimeliweka kando kwanza, maana mnara husikilizwa.

Mdogo wako