Mrehani wa Baba

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo na kazi ya kufua mashuka ya hospitali? Mikono imepona? Sisi tupo, tunasukuma siku. Baba anakula vizuri, ila tangu mama atutoke usahaulifu umemzidi.

Mrehani wake wa dirishani unaniumiza kichwa. Majani ya chini yamekuwa manjano, shina limelegea kama mtu mwenye homa. Wewe ndiye uliyerithi mkono wake wa mimea, niambie nifanye nini. Na utakuja lini? Nimechoka.

Dada yako

19 Machi

Dada, shikamoo.

Mikono bado, sabuni ya huku haina utu. Poleni na kazi ya kumwangalia mzee.

Huo mrehani umezidiwa maji. Toboa kopo chini, badilisha udongo, changanya na mchanga kidogo. Usimwagilie mpaka uchomeke kidole kitoke kikavu. Ukichanua, kata maua, la sivyo majani yatakuwa machungu. Msalimie sana baba.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Salamu zako nilimpa baba, akauliza ni za nani.

Kopo nilitoboa, udongo nikabadilisha, mmea ukaendelea kuoza. Juzi nikamchungulia toka jikoni. Anamwagilia, anaweka kikombe, anakaa. Punde anasimama: “Huyu mtoto hajanywa maji tangu asubuhi!” Anamwagilia tena. Nikificha kikombe, anachota kwa viganja. Jana alitoka peku kutafuta bomba, fundi viatu akamrudisha. Sasa nikienda dukani namfungia kwa ufunguo, na nikirudi namkuta amesimama nyuma ya mlango, ananisubiri.

Nilikuuliza mambo mawili. Ulinijibu la mmea.

Dada yako

2 Mei

Mdogo wangu,

U mzima lakini? Kimya chako kinanitisha.

Mrehani umekufa. Kabla haujaisha nilikata vichwa vyake vichache vilivyokuwa bado kijani, nikavitumbukiza kwenye glasi ya maji. Vimetoa mizizi myeupe kama nyuzi. Nimeiweka glasi kwenye sinki. Baba anamimina maji atakavyo, yakizidi yanakwenda zake. Anafurahi. Mimi jana nilisinzia nimesimama kwenye foleni ya dawa, mama mmoja akanishika nisianguke.

Sikulazimishi. Nakwambia tu nilivyo.

Dada yako

9 Mei

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Nilikaa kimya kwa sababu sikutaka kukuandikia ahadi. Tangu nipate barua yako ya Aprili nilikuwa nagonga mlango wa msimamizi kuomba ruhusa. “Wiki ijayo,” ananiambia, kisha wiki ijayo tena. Leo nimemwachia sare yake mezani. Akaniuliza, “Unaacha kazi kwa ajili ya nini?” Nikamwambia, dada yangu analala amesimama.

Nafika Jumamosi asubuhi. Usinipikie, usifagie, usinisimulie chochote. Nionyeshe tu dawa za baba zilipo, kisha nenda ukalale mpaka uamke mwenyewe.

Mdogo wako