Gunia la Pamba Kwenye Bomba la Heliamu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bariadi

Jina: Flora Masalu. Umri: miaka 34. Kazi: mpiga picha za MRI, hospitali binafsi. Makazi: Bariadi mjini.

Naeleza niliyoyaona mwenyewe, si ya kusimuliwa.

Mnamo tarehe 11/03/2025, saa nne asubuhi, nilimlaza kwenye mashine Bi. Milembe Shigela, mkulima wa Lagangabilili, aliyekuwa akiumwa mgongo. Nilifunga mlango nikakaa chumba cha pili, tukionana kwa dirisha la kioo.

Ghafla mashine ilinguruma, sumaku ikazimika. Ikizimika hivyo, heliamu inayoipoza huchemka na kutoka nje kwa bomba la juu ya paa. Siku hiyo haikutoka. Ilijaa chumbani kama ukungu, baridi kali. Heliamu haina sumu, ila inafukuza hewa, mtu anazimia hata kukohoa hakohoi.

Nilisukuma mlango, ukagoma. Unafungukia ndani, na gesi ilikuwa imeukandamiza. Kwenye spika nilimsikia Milembe akimwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane!" Kisha kimya. Niliogopa sana, afande.

Nilipiga kelele. Mlinzi wetu, Mahona Maganga, alikuja mbio.

"Vunja kioo, mzee!"

Alikipiga kwa rungu mpaka kikapasuka. Ukungu ulitumwagikia, mlango ukalegea. Alibana pumzi, akaingia, akatoka na Milembe mgongoni. Nilimwekea oksijeni. Alichelewa kufumbua macho, lakini alifumbua.

Baadaye tulipanda juu ya paa. Mdomo wa bomba ulikuwa umeshindiliwa gunia la pamba. Mahona alipoliona alikaa chini.

"Ni mimi, dada. Bundi alikuwa analala humu. Nilijua ni bomba la moshi wa jenereta la zamani."

Huyo bundi tulimjua wote. Akilia tu, ndugu wanambeba mgonjwa wao wanarudi naye kijijini. Wavu wa bomba ulikuwa umechanika tangu mwaka jana, na kulikagua bomba hilo ni kazi yangu. Sikupanda.

Mmemweka Mahona mahabusu, na nimekasirika, andika hivyo. Bundi aliponyamaza tulimpongeza, mimi na mganga mfawidhi tukiwemo. Hakuna aliyemuuliza amemnyamazisha vipi.

Hayo ndiyo niliyonayo, na nayatilia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi: F. Masalu

Maoni ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake. Nilimtahadharisha kwamba maneno "Sikupanda" yanaweza kumtia hatiani, nikamuuliza kama anataka yafutwe. Amekataa. Ameketi benchi la mapokezi, anamsubiri Mahona.
Koplo Gloria Mboje